Nyama ya Wenye Ulimi

Paukwa.

— Pakawa.

Mnaitikia kama watu waliomeza muhogo mkavu. Tena. Paukwa.

— Pakawa.

Hadithi iko mlangoni, niifungulie?

— Ifungulie.

Imekuja na nani?

— Imekuja na mdogo wake, uwongo.

Wakae wapi?

— Wakae katikati yetu, tuwaone wote wawili.

Haya, songeni basi, wageni wapate nafasi.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji ukiitwa Ukingoni. Uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa ukingoni mwa mto. Watu wa kale hawakujisumbua na majina. Upande huu wa mto, mji. Upande wa pili, nchi ya Ng'ambo.

Ukingoni palikuwa na mbuzi, palikuwa na ng'ombe, palikuwa na kuku wa kuingia mpaka chumbani. Nyama haikuwa shida. Lakini palikuwa na amri moja ya tangu mababu: nyama ya Ng'ambo isivuke mto. Mbichi isivuke, kavu isivuke, ya moshi isivuke. Kwa nini? Waliojua sana walikuwa wamekwisha kufa. Wengi wa waliobaki walijua tu kwamba haivuki.

Na kitu kikikatazwa huwaje?

— Huwa kitamu.

Naam. Huwa kitamu hata kabla hakijaonjwa.

Basi akatokea mchuuzi mmoja wa mikeka, jina lake Mwidani. Mrefu, mwembamba, kilemba kikubwa kuliko kichwa. Sauti yake ya chini chini, hata akiomba maji ya kunywa utadhani anakupa siri. Siku moja alirudi kutoka Ng'ambo na kifurushi kwapani. Akabisha kwa Bi Tausi, mke wa tajiri wa chumvi.

"Bibi," akasema kwa sauti ile, "hii ni nyama ya Ng'ambo. Simwonyeshi kila mtu. Hii ni ya wenye ulimi."

Bi Tausi akaugusa ulimi wake kwa kidole, akahakikisha upo. Akainunua.

Kesho yake alikaa barazani, midomo inang'aa mafuta. Hakuifuta, kusudi. Jirani wakamwuliza, "Umekula nini, Bi Tausi?"

"Ile," akasema.

"Ipi?"

"Ile ya wenye ulimi."

Basi. Ilipofika jioni, wanawake saba walikuwa wamewatuma waume saba. Ilipofika Ijumaa, mji mzima una ulimi. Mtu anatoa mbuzi mzima, yu hai, ana ndevu zake, anapewa kipande cheusi cha nyama ya moshi, kikubwa kama kiganja. Anarudi nyumbani anacheka. Nadhani hata yule mbuzi alikuwa anacheka.

Habari zikamfikia mtawala wa mji, Liwali Sefu. Akaweka mlinzi mmoja kivukoni. Mwidani akaja amebeba godoro kichwani.

Mlinzi akanusa. "Mbona godoro linanuka moshi?"

"Ni la bwana harusi," Mwidani akasema. "Anavuta tumbaku sana."

Akapita. Liwali akaweka walinzi kumi. Mwidani akaja na ngoma kubwa begani.

"Piga tusikie," wakasema.

Akapiga. Badala ya kulia ndu, ikalia bwe.

"Mbona haina sauti?"

"Ina mafua. Ndiyo kwanza tumetoka mtoni."

Akapita. Liwali akaweka walinzi thelathini. Mwidani akaja na jeneza, na watu wanne wa kulia, na nyuma ya jeneza paka kumi na saba wanajilamba midomo.

"Na hawa paka?" mkuu wa walinzi akauliza.

Mwidani akajifuta jicho. "Marehemu alikuwa na huruma. Viumbe vyote vinamlilia."

Walinzi thelathini wakavua kofia. Nyinyi mnacheka, lakini mngekuwepo mngevua na nyinyi. Maana nawaambieni, wawili kati ya walinzi wale walikuwa wameahidiwa vipande, na wa tatu mkewe alikuwa amemwambia asirudi nyumbani mikono mitupu.

Na kila Liwali alipoongeza walinzi, watu walisema, "Kumbe nyama yenyewe ni ya kulindwa hivi." Wakazidi kuitaka. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa, mjini humo alikuwapo mpishi wa karamu, mwanamke mmoja jina lake Siwazuri. Mfupi, mnene, mikono inanuka bizari siku zote, na hapendi kuulizwa anatia nini. Arusi isiyopikwa na Bi Siwazuri ilihesabiwa kuwa ni uchumba tu. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bi Mboni, mjane. Bi Mboni alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Nakshi, na ndama wa miezi mitatu. Kila asubuhi Bi Mboni alipitisha kibuyu cha maziwa juu ya ukuta, na kila jioni Bi Siwazuri alipitisha sahani ya mchuzi juu ya ukuta ule ule. Ndivyo walivyoishi miaka kumi na minne.

Siku moja Bi Tausi akamletea Bi Siwazuri kipande cha nyama ya Ng'ambo ampikie. Bi Siwazuri akakiosha mara tatu, kwa kuwa kilikuwa kichafu. Maji ya kuoshea akayaacha kwenye beseni uani. Akapika, akapeleka, akapewa asante. Aliporudi, beseni lilikuwa tupu na Nakshi alikuwa amesimama penye mlango wa ua, anapangusa pua kwa ulimi.

Bi Siwazuri hakufikiri kitu. Nani angefikiri?

Siku ya nne, kibuyu hakikuja. Siku ya tano, hakikuja. Siku ya sita, Bi Siwazuri akainua kichwa juu ya ukuta. "Jirani, kulikoni?"

Bi Mboni akafungua mlango wa zizi. Kisha akasema, "Njoo umwone mwenye ulimi."

Bi Siwazuri akaenda. Nakshi alikuwa amesimama kwa shida, mguu mmoja ameuinua, denda linamtoka refu kama uzi mpaka chini. Bi Mboni akamfungua kinywa. Ulimi wote malengelenge, mengine yamepasuka, nyama nyekundu nje. Penye kwato vilevile. Na ndama alikuwa amelala pembeni, shingo imenyooka, hapumui.

"Baba yangu aliniambia habari za ugonjwa huu," Bi Mboni akasema. "Uliwahi kuja zamani, kwa nyama kutoka Ng'ambo. Mwaka ule ng'ombe wa Ukingoni waliisha, watoto wakalelewa kwa uji wa maji. Ndipo ikawekwa ile amri. Mimi sikuila nyama hiyo, Siwazuri. Wala haikuingia kwangu. Sijui imemfikiaje."

Hapa wasikilizaji wangu, palikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Beseni halisemi.

Bi Siwazuri akakaa chini, pale pale kwenye samadi. "Maji yalikuwa yangu," akasema. "Niliiosha, nikayaacha uani. Nakshi aliyanywa."

Bi Mboni akaenda pembeni, akarudi na majembe mawili. "Shika jembe," akasema.

Wakamzika ndama, chini sana, na chokaa juu yake. Wakalizungushia zizi miba. Wakamwaga majivu mlangoni. Bi Mboni akatangaza kwamba ng'ombe wa mtu asipite njia ile, akahamia zizini na mkeka wake kumchunga Nakshi asitoke. Na tangu siku ile hakusema neno juu ya ukuta. Sahani ya mchuzi ilipita kwenda, ikarudi imeoshwa, kimya.

Kimya kile kilimwuma Bi Siwazuri kuliko matusi. Akajifunga kanga, akaenda kwa Liwali.

"Bwana," akasema, "ndama amekufa, na mazizi yote yako hatarini. Ondoa hii nyama."

Liwali Sefu akalipiga goti lake kwa kiganja. "Nitaweka walinzi sitini."

"Walinzi wanatazama mto, Bwana. Hamu iko huku. Ukiziba mlango wa panya ukaacha nazi wazi, panya atatoboa ukuta."

Liwali akakubali, akatikisa kichwa kwa uzito, akasema maneno mazuri. Bi Siwazuri akaaga. Alipofika mlangoni, Liwali akakohoa.

"Bi Siwazuri. Ile arusi ya binti yangu Muhaza, Ijumaa. Watakuja wakubwa wa miji mitatu. Sasa, unajua, watu watasema nini wasipoikuta ile, ile ya..."

"Ya wenye ulimi, Bwana?"

"Kidogo tu. Nimekwisha mwagiza Mwidani."

Mmesikia? Aliyeweka walinzi thelathini ndiye aliyeagiza. Bi Siwazuri akataka kusema neno, likafika kwenye meno, akalirudisha. Akatabasamu.

"Nitapika, Bwana. Mwambie Mwidani aniletee mzigo wote wa arusi jikoni kwangu. Na naomba ruhusa ya kuchuma kitu kidogo bustanini kwako. Kiungo."

"Chuma," Liwali akasema.

Mwidani akaleta magunia mawili. Alipogeuza mgongo, Bi Siwazuri akayachukua yote mawili mpaka kwenye shimo alilochimba karibu na kaburi la ndama, akatia moto, akafukia na chokaa. Halafu akaenda bustanini kwa Liwali na panga na toroli. Alichuma nini, msiniulize. Ngojeni.

Ijumaa ikafika. Ngoma zikalia, zile zisizo na mafua. Ua wa Liwali umejaa, wanaume huku, wanawake kule, pazia katikati. Bi Siwazuri akatoa vyungu vitatu. Akasimama penye pazia pande zote zimsikie.

"Chungu cha kwanza," akasema, "ni mbuzi wa hapa hapa Ukingoni."

Watu wakatazama pembeni. Aliyekula ni fundi seremala peke yake, na yeye kwa kuwa hakusikia vizuri.

"Chungu cha pili ni Ng'ambo."

Watu wakasogea.

"Na chungu cha tatu," akasema, akashusha sauti chini chini kama ya Mwidani, "ni Ng'ambo ya Ng'ambo. Huko ambako hata watu wa Ng'ambo hawajafika. Hiki ni cha wenye ulimi hasa."

Jamani. Mkubwa wa mji wa kwanza alimkanyaga mkubwa wa mji wa pili. Mkubwa wa mji wa tatu alipita chini yao. Upande wa wanawake, Bi Tausi alifika chunguni na kiatu kimoja. Wakala. Wakafumba macho. Wakaanza kusema.

"Nyuzi zake laini," akasema wa kwanza. "Mnyama huyu aliishi kwa raha."

"Amekula majani ya milimani," akasema wa pili. "Nayasikia."

"Na alikuwa jike," akasema wa tatu. "Tena mwenye haya."

Bi Tausi akatokwa na machozi kule nyuma ya pazia. "Hii si ya kutafuna," akasema. "Hii ni ya kunyamazia." Kisha hakunyamaza.

Liwali akamwita Mwidani aje mbele. "Umetuficha hii siku zote?"

Mwidani alikuwa ametafuna tonge moja na alikuwa anashangaa, maana alijua alichokileta, na hiki hakukijua. Lakini wakubwa wa miji mitatu wanamtazama. Akisema hajui, basi yuko mchuuzi mwingine, mkubwa kumshinda. Akakirekebisha kilemba.

"Nilikuwa naiweka kwa ajili ya siku kama hii," akasema.

Bi Siwazuri akamsogelea. "Basi tufundishe, Bwana Mwidani. Ulimwona mnyama mwenyewe?"

"Nilimchagua kwa mkono wangu."

"Alikuwa na pembe?"

"Mbili. Zimepinda."

"Na miguu?"

"Minne, na ana mbio. Ilibidi tumfukuze kutwa nzima."

"Analiaje?"

Mwidani akasita. Ua wote ukanyamaza, hata ngoma. Akaona hakuna njia ya kurudi. Akainua shingo, akalia. Sauti ile, wasikilizaji wangu, haijapata kusikika duniani: ilianza kama mbuzi, ikapita kwa punda, ikaishia kama mlango mbovu.

"Lia tena," Bi Siwazuri akasema, "wa nyuma hawakusikia."

Akalia tena. Mpaka mara tatu.

Ndipo Bi Siwazuri akapiga makofi, na wasaidizi wake wawili wakaleta sinia kubwa lililofunikwa kawa. Akafunua. Ndani palikuwa na maganda ya kijani, mazito, yenye vijimiba, yananata utomvu.

"Ngozi yake hii," akasema. "Pembe hana. Mguu anao mmoja, alikuwa ananing'inia nao bustanini kwa Liwali. Ni fenesi. Fenesi bichi, nimelichemsha, nikalitia moshi wa makumbi, tangawizi, ndimu na bizari. Na chungu cha pili ni ndugu wa chungu cha kwanza. Mbuzi mmoja, vyungu viwili."

Kimya.

Kimya cha watu mia tatu wenye fenesi mdomoni. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ndimi zote zilikuwa ngumu kama mchi.

Aliyeanza ni bibi arusi. Muhaza alikaa pale na shela lake, ametulizwa tangu alfajiri, amekatazwa hata kukohoa. Bega likatikisika. Kisha la pili. Kisha ikamtoka kwikwi ya kicheko, akashindwa, akajifunika uso na shela lote. Bi Tausi akamtazama, akalitazama tonge lake, akacheka mpaka akakalia kiatu cha mtu. Ua ukavunjika. Mkubwa wa mji wa kwanza akamwambia wa tatu, "Jike. Mwenye haya." Wakashikana mabega wasianguke. Yule fundi seremala akauliza kuna nini, akaambiwa, akasema yeye chungu cha kwanza kilimtosha, akajiongezea.

Ila Liwali hakucheka. Alikuwa anamtazama Bi Siwazuri.

"Na magunia niliyoagiza?" akauliza.

Sasa kila mtu amesikia nani aliagiza.

"Nimeyachoma, Bwana, nikayafukia. Karibu yake amelala ndama wa Bi Mboni, aliyekufa kwa nyama hiyo. Niliiosha mimi. Aliyenipa ni Bi Tausi. Aliyeleta ni Mwidani. Aliyeitaka ni sisi sote."

Bi Mboni hakuwa arusini. Alikuwa zizini kwake, kwenye mkeka wake. Watu wakakumbuka hilo. Kicheko kikashuka, hakikuisha, lakini kilipata uchungu ndani yake.

Liwali akainuka. Akavua joho la sherehe, akalikunja. "Mimi ndiye niliyefunga mlango," akasema, "na mimi ndiye niliyepita dirishani. Nimekosa." Kisha akamgeukia Mwidani, ambaye alikuwa anatafuta njia kati ya vyungu. "Na huyu tumfunge?"

"Hapana," Bi Siwazuri akasema. "Ukimfunga, watu watasema nyama yake lazima ilikuwa tamu. Mwache aende sokoni na mzigo wake uliobaki. Sisi ndio tusiende kwake."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ya soko ya kwanza, Mwidani alikaa na gunia lake. Watu wakaja, wakainama, wakamwuliza kwa adabu, "Bwana Mwidani, huyu analiaje?" Wakaenda zao. Siku ya soko ya pili, watoto wakaja na kulia kabla hajafungua gunia. Siku ya soko ya tatu, hakuja mtu hata wa kumcheka, na hiyo ndiyo iliyomvunja moyo. Jua linampiga, nzi wamemzunguka, akasema kwa sauti kubwa, mara ya kwanza maishani mwake, "Jamani, hata mmoja?"

Hata mmoja. Akalibeba gunia mwenyewe mpaka kivukoni, akawaomba walinzi wamwonyeshe pa kulichomea. Walinzi hawakuamini. Wakalikagua mara mbili, wakidhani safari hii ameficha mikeka.

Na akarudia mikeka. Na mikeka yake ilikuwa mizuri, mtu asimwonee.

Na Nakshi? Nakshi alikonda, akachubuka, akabaki mifupa na macho. Lakini hakufa. Bi Siwazuri alikata majani laini kila siku, akayaweka penye majivu, kwa kuwa ndani hakukaribishwa. Mvua zikaja, zikapita. Hakuna zizi jingine Ukingoni lililougua. Ndipo Bi Mboni akaondoa miba, mmoja mmoja, akamtoa ng'ombe wake nje. Watu walitoka barazani kutazama, kana kwamba ni arusi nyingine. Msimu uliofuata Nakshi akazaa, mtoto jike, mweusi tii.

Asubuhi moja Bi Siwazuri alikuwa anapepeta mchele uani. Akasikia kitu kinakwaruza ukuta. Akainua macho. Mkono umenyooshwa juu, umeshika kibuyu, povu bado linapasuka.

Akakipokea. Akanywa palepale amesimama, mpaka chini.

"Jirani," ikasema sauti ya Bi Mboni kutoka upande wa pili. "Mchuzi wako wa jana ulizidi chumvi."

Bi Siwazuri akaegemea ukuta, akacheka mpaka mchele ukamwagika.

Ngano imeiva?

— Imeiva.

Nimeipakua, mmekula. Iliyoshika chini ya chungu ni uwongo wangu, mtaisugua wenyewe. Iliyobaki mdomoni ni yenu, nendeni nayo nyumbani.